Watu 39 wa Sheba: kinga ya chanjo ya korona kwa wahudumu wa hospitali moja, 2020 hadi 2022

Mwaka 2021, katika hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, muuguzi mwenzetu wa wodi ya wanaume alipata korona wiki chache baada ya kuchanjwa. Hakuumwa sana. Alikaa nyumbani siku kumi, akarudi zamu. Lakini habari zilikuwa zimeshamtangulia. Jikoni, mapokezi, maabara, kila uliyekutana naye aliuliza swali lilelile: "Si walisema ukichanjwa hupati?" Na kweli tuliambiwa hivyo kikaoni, kwa maneno hayohayo, na mtu aliyekuwa na haraka ya kumaliza kikao. Waliokuwa hawajachanja wakasema watasubiri kwanza. Baadhi yao hawakwenda tena.

Mimi nafundisha watumishi wa afya namna ya kujikinga na maambukizi kazini, na tangu siku hizo nimekuwa nikiulizwa, "Dada, hii chanjo inakaa muda gani?" Muulizaji hutaka nimtajie miezi. Nimejifunza kutomjibu kabla sijamuuliza: inakaa muda gani dhidi ya nini? Dhidi ya kuambukizwa? Dhidi ya kulazwa? Dhidi ya kufa? Hayo ni maswali matatu yenye majibu matatu, na kisa ninachokitumia kuyaeleza ni cha hospitali ya Sheba, iliyoko Tel HaShomer karibu na Tel Aviv, nchini Israel.

Nimekichagua kwa sababu moja. Hospitali ile iliwafuatilia watumishi wake yenyewe kuanzia dozi ya kwanza hadi miezi kadhaa baada ya dozi ya nne. Iliwatoa damu mwezi hadi mwezi, ikawapima kila walipojisikia vibaya, na ikachapisha ilichokiona hata pale kilipokuwa si habari njema kwa serikali yao wala kwa watengenezaji wa chanjo.

Miezi minne ya kwanza

Sheba ndiyo hospitali kubwa kuliko zote Israel. Chanjo ya Pfizer ilianza kutolewa pale Desemba 19, 2020, dozi mbili kwa tofauti ya wiki tatu. Hadi Aprili 28, 2021 watumishi 11,453 walikuwa wamekamilisha dozi zote mbili: madaktari, wauguzi, watu wa maabara, wa ofisini na wa usafi.

Hapo hospitali nyingi zingepumua na kufunga daftari. Sheba waliendelea kutafuta. Mtumishi mwenye dalili yoyote, hata mafua mepesi, au aliyekuwa karibu na mgonjwa wa korona, alipimwa kwa PCR, kipimo cha maabara kinachomtafuta kirusi mwenyewe, awe amechanjwa au hajachanjwa. Kuanzia Januari 20 hadi mwisho wa Aprili walipimwa watumishi 1,497 waliokamilisha chanjo. Waliokutwa na kirusi walikuwa 39.

Namba hiyo inahitaji kuangaliwa kwa utulivu, maana ndipo wengi hujikwaa. Ukigawa 39 kwa 1,497 waliopimwa, unapata asilimia 2.6. Ukigawa kwa 11,453 waliochanjwa, unapata chini ya wanne katika kila elfu. Hesabu zote mbili ni sahihi, ila zinajibu mambo tofauti. Ya kwanza inasema: miongoni mwa waliokuwa na sababu ya kupimwa, ni wangapi walikuwa nacho. Ya pili inasema: miongoni mwa wote waliochanjwa, ni wangapi tumewakuta nacho, tukijua kwamba kuna ambao hawakupimwa. Anayetaka kutisha watu atachukua ya kwanza, anayetaka kuwatuliza atachukua ya pili. Kwenye mafunzo naziandika zote ubaoni, na hakuna aliyewahi kushindwa kuzielewa.

Hao 39 walikuwa akina nani? Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 42. Wengi walikuwa wanawake. Wauguzi walikuwa 18, madaktari watano tu. Waliobaki walikuwa wa kada nyingine za afya, wa ofisini na wa matengenezo. Hilo halinishangazi. Muuguzi ndiye anayemgeuza mgonjwa kitandani, anayemlisha, anayekaa naye usiku. Mpango wowote wa kinga kazini unaoanza na madaktari na kumalizia kwa mhudumu wa usafi umepangwa kwa kufuata vyeo.

Theluthi moja yao hawakuwa na dalili yoyote. Wangekuwa kwetu, hakuna ambaye angejua. Waliobaki waliugua kidogo: pua kuziba, mwili kuuma, kupoteza harufu, homa. Hakuna hata mmoja aliyelazwa.

Lakini kuna sehemu ya taarifa ile ambayo huwa hainukuliwi sana, nami naona ni muhimu kwa mtu anayefanya kazi ya zamu. Wiki sita baadaye, karibu mmoja kati ya watano wa hao 39 alikuwa bado na kitu kinachomsumbua: harufu haijarudi, kikohozi hakiishi, uchovu. Tisa walihitaji kukaa nyumbani zaidi ya zile siku kumi za lazima, na mmoja alikuwa bado hajarudi kazini wiki sita zilipokwisha. Kwa hiyo tunaposema "waliugua kidogo" tuseme pia kwamba kidogo ya hospitali si kidogo ya nyumbani. Hospitali inaita kidogo kila kisichohitaji kitanda na oksijeni. Muuguzi mwenye watoto watatu ambaye hawezi kupanda ngazi bila kupumzika haoni kwamba anaumwa kidogo.

Walipata wapi? Kwa 37 kati yao palikuwa na taarifa za chanzo, na kwa wote 37 aliyeshukiwa alikuwa mtu ambaye hajachanjwa. Zaidi ya nusu waliambukizwa na mtu wa nyumbani mwao. Tunawavika watumishi gauni, glavu na barakoa mlangoni mwa wodi, halafu wanarudi nyumbani jioni na kula sahani moja na watu ambao hakuna aliyewafikiria kwenye mpango wa chanjo.

Watafiti walikuwa na damu ya baadhi ya watumishi hao iliyochukuliwa siku chache kabla au wakati wa kuambukizwa. Waliilinganisha na damu ya wenzao waliochanjwa kipindi kilekile na hawakuambukizwa. Kingamwili (protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na kirusi) zenye uwezo wa kukizuia kisiingie kwenye seli zilikuwa, kwa walioambukizwa, kama theluthi moja tu ya zile za wenzao. Huu ulikuwa ushahidi wa mapema kwamba kiasi cha kingamwili siku ile mtu anapokutana na kirusi kina uzito. Na kiasi hicho hakikai kilivyo.

Damu ya kila mwezi

Juni 15, 2021 Israel iliondoa sharti la kuvaa barakoa ndani ya majengo. Siku kumi baadaye ikalirudisha. Delta, aina mpya ya kirusi cha korona, ilikuwa imeingia, na waliochanjwa mwezi Desemba na Januari walikuwa wametimiza miezi mitano, sita.

Hapa pana fundo ambalo mchambuzi wa kisa hiki hana budi kulikubali. Mambo matatu yalitokea kwa pamoja: muda ulipita, kirusi kikabadilika, na watu wakavua barakoa. Ukiona maambukizi yamepanda mwezi Julai, huwezi kunyoosha kidole kwa moja na kuyaacha mawili. Ndiyo maana damu ya Sheba ilikuwa na thamani kubwa. Kingamwili kwenye damu hazijui kama barakoa imevuliwa mtaani. Zikishuka, zimeshuka kwa sababu ya muda.

Walifuatilia watumishi 4,868 kwa miezi sita baada ya dozi ya pili, na wakaona mambo mawili yanayokwenda kwa mwendo tofauti. Kingamwili za jumla zilishuka mfululizo, mwezi baada ya mwezi, hadi zikawa zimepungua mara 18 hivi kutoka kilele chake. Zile zenye uwezo wa kukizuia kirusi zilishuka haraka kwa miezi mitatu ya mwanzo, halafu zikapunguza mwendo. Hazikufika sifuri.

Hazikushuka sawa kwa watu wote. Miezi sita ikitimia, wanaume walikuwa nazo pungufu kuliko wanawake kwa zaidi ya theluthi moja. Wenye miaka 65 na kuendelea walikuwa nazo pungufu kwa zaidi ya asilimia 40 wakilinganishwa na vijana wa chini ya miaka 45. Waliokuwa na kinga iliyodhoofishwa na dawa au maradhi walikuwa na chini ya theluthi moja ya wenzao. Kwa hiyo daktari wa kiume wa miaka 66 na muuguzi wa kike wa miaka 30, waliochanjwa siku moja na chumba kimoja, hawakuwa na kinga moja miezi sita baadaye. Tarehe kwenye kadi zao ilikuwa moja tu.

Kuwaeleza wenzangu jambo hili natumia mfano wa nyumba. Kingamwili ni askari wa getini. Miezi ya kwanza baada ya chanjo geti lina askari wengi, mwizi haingii. Mwili hauwezi kuwalipa wote milele, kwa hiyo unawapunguza. Lakini nyuma ya askari kuna majirani: chembe za kumbukumbu ambazo zimeshamjua mwizi kwa sura. Ukipiga yowe wanatoka na marungu. Mwizi ameshaingia, ndiyo, pengine ameshabeba redio, ila hataondoka na nyumba nzima.

Swali linalofuata huwa ni hili: mbona ya homa ya ini hatuongezwi kila baada ya miezi sita? Ni swali zuri. Chanjo ya homa ya ini B tunayochanjwa sisi watumishi kwa ajili ya ajali za sindano ni dozi tatu, na kwa wengi wetu inatosha. Kule Alaska walifuatiliwa watu waliochanjwa miaka ya 1980. Miaka 30 baadaye karibu nusu yao kingamwili zilikuwa zimeshuka chini ya kiwango kinachohesabiwa kuwa kinga, lakini wengi wa hao, walipopewa dozi moja tu, miili yao iliitikia haraka. Askari walikuwa wameondoka na majirani walikuwa bado wapo.

Tofauti iko kwa mwizi. Kirusi cha homa ya ini B kinachukua mwezi mmoja hadi sita tangu kuingia mpaka mtu kuugua. Huyo ni mwizi anayetoboa ukuta kwa msumari. Majirani wana muda wa kuamka, kuvaa na kufika. Korona inachukua siku chache, na Omicron, aina yake iliyofuata Delta, kama siku tatu. Majirani wakifika, tayari imeshaenea puani na kooni, mtu ameshapiga chafya juu ya mgonjwa wa kitanda cha pili. Wanawahi kuokoa mapafu, hawawahi kuokoa pua. Kwa sababu hiyo kinga dhidi ya kuambukizwa na kuambukiza huisha mapema, na kinga dhidi ya ugonjwa mkali hubaki muda mrefu zaidi.

Dozi ya tatu, na siku mbili za Julai

Julai 30, 2021 Rais wa Israel, Isaac Herzog, alichomwa dozi ya tatu hapohapo Sheba, kuzindua kampeni ya wenye miaka 60 na kuendelea. Siku mbili kabla, Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, kuzindua kampeni ya dozi ya kwanza Tanzania. Dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilikuwa zimewasili Julai 24, na watumishi wa afya walikuwa kwenye kundi la mwanzo.

Agosti 4 mkuu wa Shirika la Afya Duniani, Tedros Adhanom Ghebreyesus, aliomba nchi tajiri zisimamishe dozi za nyongeza angalau hadi mwisho wa Septemba, ili kila nchi ifikishe asilimia 10 ya watu wake. Hazikusimama. Nakumbuka hasira niliyokuwa nayo, na sijaiacha. Muuguzi wa Tel HaShomer alikuwa na haki ya kulindwa. Muuguzi wa Tandahimba naye alikuwa na haki hiyo, na alikaa nusu mwaka zaidi kwenye wodi bila hata dozi moja.

Je, dozi ya tatu ilifanya kazi? Takwimu za taifa zima la Israel, za watu zaidi ya milioni moja wenye miaka 60 na kuendelea, zilionyesha kwamba kuanzia siku ya 12 baada ya kuipata, kiwango cha maambukizi kilikuwa chini mara 11 kuliko kwa waliobaki na dozi mbili, na ugonjwa mkali chini mara 19 hivi. Ni matokeo makubwa. Lakini yalipimwa kwa wiki chache tu, askari wakiwa wapya getini. Kosa la miezi ile, Israel na kwingineko, lilikuwa kuichukua namba ya wiki ya nne na kuizungumza kana kwamba ni ya mwaka mzima.

Dozi ya nne

Desemba 27, 2021, Omicron ikiwa imeshapamba moto, Sheba walianza jaribio la kwanza la dozi ya nne kwa watumishi wao. Waliochaguliwa walikuwa wamepata dozi ya tatu angalau miezi minne nyuma na kingamwili zao zilikuwa zimeshuka. Watumishi 154 walipata Pfizer. Wiki moja baadaye wengine 120 walipata Moderna. Kila mmoja alilinganishwa na wenzake wawili wa umri wake waliobaki na dozi tatu.

Kingamwili zilipanda mara tisa hadi kumi, zikarudi juu kidogo ya zilipokuwa baada ya dozi ya tatu. Kwa anayeangalia damu peke yake, hii ilikuwa furaha tupu. Kisha wakahesabu walioambukizwa.

Miongoni mwa wasiopata dozi ya nne, robo waliambukizwa. Miongoni mwa waliopata ya Pfizer, asilimia 18. Waliopata ya Moderna, asilimia 21 hivi. Ufanisi dhidi ya maambukizi ukahesabiwa kuwa asilimia 30 kwa Pfizer na 11 kwa Moderna, na makadirio yenyewe yalikuwa mapana sana kwa sababu watu walikuwa wachache: kwa takwimu zile, ukweli ungeweza kuwa chini ya sifuri na ungeweza kuwa zaidi ya 40. Dhidi ya ugonjwa wenye dalili ilikuwa afadhali, 43 na 31. Na wengi wa walioambukizwa walikuwa na kirusi kingi puani, maana yake wangeweza kuambukiza wengine.

Gili Regev-Yochay, daktari aliyeongoza jaribio hilo, hakusubiri makala ichapishwe. Katikati ya Januari 2022 aliwaambia waandishi wa habari kwamba kingamwili zimepanda lakini hazitoshi kuizuia Omicron. Wakati huo nchi yake ilikuwa imeshaanza kuwapa watu dozi ya nne. Namheshimu kwa hilo kuliko kwa makala zote. Angeweza kutaja namba ya kingamwili tu, ikapigiwa makofi, na namba ya walioambukizwa ikaja kimyakimya miezi miwili baadaye.

Mwisho wa kisa ulikuja na ufuatiliaji wa miezi sita. Safari hii waliwaangalia watumishi 11,176, wakiwalinganisha waliopata dozi ya nne na waliobaki na ya tatu. Wiki tano za mwanzo dozi ya nne ilipunguza maambukizi kwa asilimia 52. Kati ya wiki ya 15 na ya 26 ilikuwa imefika hasi 2, yaani sifuri.

Namba hii ya mwisho imetumiwa vibaya sana mitandaoni, kwa hiyo naomba tukae nayo kidogo. Sifuri hiyo haisemi kwamba aliyechanjwa yuko sawa na asiyechanjwa. Hakuna asiyechanjwa kwenye hesabu ile. Inasema kwamba baada ya miezi minne, aliye na dozi nne hakuwa na uwezekano mdogo wa kuambukizwa kuliko aliye na dozi tatu. Nyongeza ya dozi ya nne ndiyo iliyoisha, kwa upande wa kuambukizwa. Mtu akikuletea asilimia yoyote ya ufanisi wa chanjo, muulize kwanza: umemlinganisha na nani? Asipoweza kujibu, msiendelee.

Ambacho Sheba haiwezi kutuambia

Kisa hiki kina upungufu ambao si kosa la waliokifanya. Watumishi wa hospitali ni watu wa makamo wenye afya ya kutosha kufanya kazi. Hakuna aliyelazwa kati ya wale 39, na pasipo na waliolazwa huwezi kupima kinga dhidi ya kulazwa. Watu 274 wa dozi ya nne hawatoshi hata kidogo kwa swali hilo. Pia hawakupigiwa kura nani achanjwe nani asichanjwe. Walijitolea, na anayejitolea kuchomwa mara ya nne huenda pia ndiye anayevaa barakoa vizuri.

Kwa swali la kulazwa na kufa inabidi kwenda Afrika Kusini. Kule mpango wa Sisonke, jina ambalo msemaji wa Kiswahili analisikia bila mkalimani, sisi sote pamoja, uliwachanja watumishi wa afya zaidi ya 477,000 kwa dozi moja ya Johnson & Johnson kati ya Februari 17 na Mei 17, 2021. Kufikia Julai, baada ya wimbi la Beta, aina nyingine ya kirusi, na katikati ya Delta, dozi ile moja ilikuwa imepunguza vifo kwa asilimia 83, kuhitaji uangalizi mahututi kwa 75, na kulazwa kwa 67. Kinga ilionekana pia kwa wanaoishi na VVU. Tazama namna ngazi inavyopanda: kadiri jambo linavyokuwa zito, ndivyo chanjo inavyolizuia zaidi. Wapo wengi waliochanjwa kwenye mpango huo walioambukizwa baadaye, kwanza na Delta kisha na Omicron. Hapo ndipo majirani na marungu yao walipofanya kazi.

Uingereza nao waliwafuatilia watumishi wa afya zaidi ya 35,000, na walichokiona kabla ya Omicron kinafanana na cha Sheba: Pfizer dhidi ya maambukizi ilianza na asilimia 85 katika miezi miwili ya mwanzo, ikashuka hadi 51 ilipokaribia miezi saba. Ila kwa walioambukizwa kwanza kisha wakachanjwa, kinga ilibaki juu ya 90 zaidi ya mwaka. Kwetu hili lina uzito wa pekee, kwa sababu watumishi wetu wengi walikuwa wameshaugua kabla chupa ya kwanza haijafika, wengine mara mbili. Kuwahesabia muda wao kwa kufuata kalenda ya Tel Aviv, ambako wengi walichanjwa kabla ya kuugua, ni kuwahesabia vibaya.

Ninavyokitumia

Nikifundisha kisa hiki, sehemu inayozua mjadala mrefu huwa si dozi ya nne. Ni wale tisa waliobaki nyumbani baada ya siku kumi. Watu wanataka kujua: walilipwa? Nani alishika zamu zao? Kwa sababu wanajua kwao ingekuwaje. Mtumishi aliyechanjwa akipata dalili nyepesi, anayejua kwamba akikaa nyumbani atakatwa posho au mwenzake atafanya zamu mbili, atameza panadoli na kuja. Chanjo imemfanya augue kidogo kiasi cha kuweza kuja kazini, na kirusi puani mwake ni kingi cha kutosha kumfikia mgonjwa wa figo au mtoto njiti. Hapo chanjo imefanya kazi yake yote, na wodi haiko salama. Barakoa wakati wa wimbi, kipimo kinachopatikana bila kuandika barua, na ruhusa ya ugonjwa isiyo na adhabu ndivyo vinavyoziba miezi ile ambayo askari wa getini wamepungua.

Dozi za nyongeza nazo zina mahali pake. Kwa mwenye miaka zaidi ya 60, kwa anayetumia dawa za kushusha kinga, dozi iliyokaribia wimbi inampa miezi michache ya ziada. Kwa kijana mzima ambaye ameshachanjwa na ameshaugua, faida ni ndogo na ya muda mfupi, na haki yake ni kuambiwa hivyo. Sikubaliani na wanaosema kwamba ukimweleza mhudumu ukweli wote ataikataa chanjo. Mimi nimeona kinyume chake, jikoni na maabara, mwaka ule wa 2021. Walioikataa waliikataa baada ya kuahidiwa ambacho hakuna chanjo ya korona iliyowahi kukitoa.

Yule mwenzetu wa wodi ya wanaume yuko kazini hadi leo. Mwaka jana aliniomba nakala ya jedwali la wale 39, akalibandika kwenye chumba cha kubadilishia nguo, na chini yake ameandika kwa kalamu nyekundu: "Mimi ni wa 40." Katika daftari la watumishi la wodi yake ameongeza safu mbili ambazo hazikuwepo: tarehe ya dozi ya mwisho, na tarehe ya kuugua mara ya mwisho.